Mzazi kumpeleka mtoto kituoni "wamnyooshe kidogo": polisi ana mamlaka hayo? Na mzazi anabanwa wapi?

Mjumbe_Ngarenaro

Habari za jioni wakuu. Jumamosi tuna kikao cha mtaa hapa Arusha na ajenda namba moja ni watoto. Tunao wa kuanzia miaka 9 hadi 16 wanaoshinda kwenye dubwi (mashine za kamari), usiku mita za maji zinang'olewa, nguo zinaanuliwa na wasiozifua, na walimu wanalalamika utoro.

Wazazi kadhaa wamezoea njia moja. Mtoto akishindikana anaburutwa hadi kituoni, afande anaombwa amtie adabu, mtoto anakula viboko vitatu au analala lokapu, asubuhi anarudishwa nyumbani. Upande wa pili wa kikao unasema tatizo ni wazazi wenyewe, kwa hiyo wanataka mtaa upitishe faini ya shilingi 50,000 kwa mzazi ambaye mtoto wake atakutwa nje baada ya saa tatu usiku.

Naomba wenye kujua wanisaidie haya: polisi anaruhusiwa kumchapa mtoto mzazi akiridhia? Mtoto akiharibu mali ya jirani, mzazi analazimika kulipa? Hiyo faini ya mtaa inasimama kisheria? Na kama hizo njia mbili hazifai, ipi inafaa, kwa hatua? Hadithi za "sisi tulichapwa na tukawa watu" tunazo za kutosha. Nataka utaratibu.

---

Afande_Mstaafu

Mjumbe, nianze na la kwanza maana ndilo linaloponza watu. Polisi hana mamlaka ya kumchapa mtoto. Ridhaa ya mzazi haimpi, hata ikiwa ya maandishi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema mtu aliye chini ya ulinzi atendewe kwa utu, asifanyiwe ukatili wala kudhalilishwa, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inaongeza ulinzi wake juu ya hapo. Afande anayeshika fimbo kaunta anafanya kosa kwa jina lake mwenyewe, jeshi halitamkingia kifua.

Sasa hilo la kulaza lokapu "kwa kumtisha". Mtu akiwekwa ndani lazima kuwe na tuhuma, jina lake liandikwe kitabuni na muda wa kuingia uonekane. Mtoto aliyeingizwa kimyakimya kwa ombi la baba yake hayumo kwenye kitabu chochote. Akipandwa na degedege, akiumizwa na watu wazima waliomo selo, au akijidhuru, hakuna karatasi inayoeleza alifikaje pale. Hapo afande wa zamu na mzazi wote wako pabaya. Tena sheria inataka mtoto asichanganywe na watu wazima, na vituo vingi vidogo havina chumba cha pembeni. Utakuta wamemkalisha kwenye benchi nyuma ya kaunta usiku kucha, na hapo ni mahali ambapo afande amejaribu kuwa na huruma.

Jambo ambalo wazazi hawalijui ni hili. Ukifika kaunta ukasema "huyu ameniibia laki mbili" na maelezo yako yakaandikwa, umefungua kesi. Umepewa RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi), wewe ndiye mlalamikaji, mtoto ndiye mtuhumiwa. Kesho ukirudi kusema "nilitaka mumtishe tu", jalada liko tayari kwa mpelelezi. Na kwenye dhamana kuna mkanganyiko: anayetarajiwa kumdhamini mtoto ni mzazi, na mzazi ndiye aliyemshtaki. Afande atasita, na mara nyingi itabidi atafutwe mjomba au shangazi.

Tukizungumzia dhamana. Mtoto akikamatwa na hawezi kufikishwa mahakamani mara moja, mkuu wa kituo anatakiwa kumwachia kwa dhamana ya mzazi, mlezi au ndugu, isipokuwa kwenye mambo matatu: tuhuma ni ya mauaji au kosa ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka 7, au kumwachia kutamrudisha mikononi mwa watu wabaya, au kutaharibu haki. Hapa ndipo watu wanaposhangaa. Dogo aliyeanua suruali kwenye kamba ameiba, na wizi wa kawaida una kifungo cha hadi miaka 7, haizidi, kwa hiyo dhamana ya kituoni ipo. Dogo aliyesukuma mlango wa jirani akachukua simu mezani anaweza kuandikiwa kuvunja nyumba, na kosa hilo linafika miaka 14, ikiwa ni usiku hadi 20. Vitu vilivyopotea vinaweza kuwa na thamani ileile, lakini yule wa pili atasubiri hakimu. Kwa hiyo mlalamikaji asikuze maneno. Aseme alichokiona: mlango ulikuwa wazi au umefungwa, mtoto alikuwa ndani au nje.

Dhamana ya polisi hailipiwi. Anayedai "hela ya fomu" anakula rushwa.

Kosa jingine la kila siku ni umri. Chalii wa miaka 15 mwenye mwili mkubwa anamwambia afande ana 19, kwa sababu hataki mama yake aitwe. Anaandikwa mtu mzima, anawekwa na watu wazima, anapelekwa mahakama ya watu wazima. Mzazi akisikia mtoto kashikwa, kitu cha kwanza kubeba ni cheti cha kuzaliwa. Hakipo, beba kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au barua ya mwalimu mkuu. Beba nakala, ya asili ionyeshe tu na uondoke nayo.

Kama mzazi anataka msaada wa polisi bila kufungua kesi, aende Dawati la Jinsia na Watoto, mchana wa siku ya kazi. Usiku kaunta imejaa walevi na ajali za bodaboda, hakuna wa kumsikiliza. Aseme wazi kwamba hana malalamiko ya jinai, anaomba ushauri. Dawati linaweza kuzungumza na mtoto mzazi akiwepo, kumpa onyo la mdomo, kumwandikia mzazi barua ya kwenda ustawi wa jamii, na kumwambia polisi kata apite nyumbani. Polisi kata akipita mara mbili au tatu jioni na kumsalimia dogo kwa jina lake, dogo anajua anajulikana. Hilo linafanya kazi kuliko fimbo.

Halafu waambie vijana wenu wa ulinzi shirikishi: raia akimkamata mtu, wajibu wake ni kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Hakuna kumfunga kamba, hakuna kumlaza ofisi ya mtaa hadi asubuhi.

---

Mkongwe_wa_Kijenge

Haya yote ni mambo ya semina. Mtoto wa siku hizi anakutazama usoni na kukuambia "nipige uone nitakupeleka haki za binadamu". Samaki mkunje angali mbichi. Mkiondoa kiboko shuleni, nyumbani na kituoni, nani abaki wa kumkunja? Na nyie mnaoandika sheria humu, jirani aliyeibiwa mita ya maji mnamwambia nini?

---

Wakili_Sekei

Mzee wangu, shikamoo. Hakuna aliyesema kiboko kimeondolewa kila mahali, ndiyo maana inafaa kujua kinaishia wapi.

Shuleni kipo, kwa masharti. Kanuni za 2002 zinasema visizidi vinne kwa wakati mmoja, achape mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, kwa fimbo nyepesi, mkononi au makalioni juu ya nguo, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na iandikwe kwenye kitabu. Mwalimu wa zamu anayewapanga mstari mzima asubuhi kwa kuchelewa, kila mmoja sita, yuko nje ya kanuni hizo. Nyumbani, kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto hakikatazi mzazi kumrudi mtoto. Kinakataza adhabu iliyopita kiasi kulingana na umri, mwili na akili ya mtoto, au kumwadhibu mtoto mdogo asiyeweza kuelewa anaadhibiwa kwa nini. Mkanda wenye chuma, waya wa umeme, kumchoma viganja kwa sababu ya jero, hapo mzazi kavuka. Kituoni, hakuna kifungu hata kimoja kinachompa polisi fimbo.

Kuna kifungu ambacho ningependa kisomwe kwa sauti kwenye kikao cha Jumamosi: 169A cha Kanuni ya Adhabu, ukatili dhidi ya watoto. Kinamgusa mwenye malezi ya mtu chini ya miaka 18 anayemtesa, na pia *anayesababisha* ashambuliwe au ateswe kwa namna inayoweza kumletea mateso au madhara ya afya. Kifungo kinaweza kufika miaka 15. Mzazi anayemwambia afande "mpige nimekuruhusu" na mtoto akavunjika mkono hawezi kujificha nyuma ya afande. Anayepiga naye ana shambulio la kudhuru mwili, hadi miaka 5.

Sasa pesa. Mjumbe, jirani akiharibiwa mali, mzazi halipi moja kwa moja eti kwa kuwa ni mzazi. Kuna njia tatu na zisichanganywe.

Ya kwanza ni maelewano. Mzazi anakubali kwa hiari kulipa kioo au mita, wanaandikishana. Andikeni kitu kilichoharibika, bei ya fundi au risiti ya duka, tarehe za malipo, mashahidi wawili, sahihi za pande zote. Msiandike "mtoto amekiri wizi". Karatasi ya kulipana si mahali pa kukusanyia ungamo la mtoto, na kesho mtu anaweza kulipeleka pengine.

Ya pili ni Mahakama ya Watoto. Mtoto akikutwa na hatia, mahakama inaweza kuamuru faini, fidia au gharama zilipwe na mzazi au mlezi. Mzazi anapewa nafasi ya kusikilizwa kwanza, na anaweza kukwepa amri hiyo akionyesha kwamba hakuzembea katika malezi yake. Hapo ndipo barua za shule, karatasi za ustawi na ushahidi kwamba ulihangaika vinapokuwa na thamani. Mzazi aliyekuwa akiitwa shule mara tatu asiende atatafuta pa kushika. Mahakama inaweza pia kumtaka mzazi atoe ahadi ya dhamana kwamba mtoto atakuwa na mwenendo mwema.

Ya tatu ni kesi ya madai. Jirani anamshtaki mzazi kwa uzembe wake mwenyewe: ulijua mtoto anarusha mawe kwa manati kila siku na ukamwachia manati. Ni ndefu, ina gharama, na kwa kioo cha elfu thelathini haina faida.

Faini ya 50,000 haisimami. Mtaa wa mjini hautungi sheria ndogo. Anayetunga ni halmashauri, kwenu ni Jiji la Arusha, kwa utaratibu wake wa kutangaza, kupokea maoni na kupata idhini. Wenzetu wa vijijini, tuseme Kibosho au Old Moshi, wana halmashauri ya kijiji ambayo inaweza kutunga sheria ndogo, nayo lazima ipitishwe na halmashauri ya wilaya. Mtaa ukikusanya faini bila sheria ndogo na bila risiti ya serikali, mwenyekiti na mtendaji ndio watakaoitwa kujibu. Mnaweza kukubaliana maazimio ya hiari kwenye muhtasari, mfano kila mzazi kupigiwa simu mtoto akionekana nje usiku. Azimio linabana kwa aibu na ujirani tu.

Mzee wa Kijenge, kuhusu jirani wa mita: haki yake iko palepale. Afungue malalamiko dhidi ya aliyeiba, na zaidi dhidi ya aliyenunua.

---

Mama_Ustawi_Moshi

Nimesoma yote, nikubaliane na afande na wakili, niongeze upande wetu. Niko Moshi lakini mfumo ni mmoja.

Wazazi wengi huja ofisini na ombi moja: "Mpelekeni mahabusu ya watoto anyooke." Arusha na Moshi zote zina mahabusu ya watoto, kwa hiyo watu wanaiona kama bweni la nidhamu. Siyo. Ile ni ya mtoto ambaye ana kesi na mahakama imeamuru akae pale wakati shauri linaendelea. Mzazi hawezi kumsajili mtoto pale, mimi siwezi, na OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) hawezi bila karatasi ya mahakama. Vivyo hivyo Shule ya Maadilisho ya Irambo, Mbeya. Mtoto anafika Irambo kwa amri ya mahakama baada ya kukutwa na hatia ya kosa ambalo mtu mzima angefungwa. Jela ya watu wazima kwa mtoto hakuna kabisa. Ni kifungu cha 119 katika toleo la 2019 la Sheria ya Mtoto.

Njia inayofaa inaanzia mtaani. Mzazi aende kwa mtendaji wa mtaa, achukue barua ya utambulisho inayosema anaomba msaada wa malezi. Barua isimwite mtoto mwizi. Aipeleke kwa afisa ustawi wa jamii. Penye kata isiyo na afisa huyo, aanze na afisa maendeleo ya jamii wa kata, atampeleka. Huduma ni bure. Aje na mtoto, na kama baba na mama wanaishi tofauti, waje wote wawili au aliyebaki ajulikane yuko wapi. Robo ya matatizo ninayoyaona mezani yanaanza hapo: mtoto ana nyumba mbili, kila nyumba inadhani yuko ile nyingine.

Kikao cha kwanza kinachukua kama saa moja hadi moja na nusu. Tunaanza na mzazi, kisha mtoto peke yake, kisha wote. Maswali yetu ni madogo madogo. Jana alikula nini, na nani alipika? Analala chumba gani, na nani? Anatoka shule saa ngapi, na wewe unarudi saa ngapi? Pesa ya dubwi anaipata wapi? Mashine zile zinakula sarafu za 200; mtoto anayecheza mfululizo anahitaji elfu mbili tatu kwa siku, nazo zina chanzo. Tunatazama macho, vidole na pua. Anayenusa gundi ana harufu kwenye shati na vidonda kando ya mdomo, anayetumia ugoro utaona kwenye fizi ya chini. Huyo hahitaji kiboko, anahitaji hospitali kwanza. Na yupo mtoto ambaye "utukutu" wake ulianza ghafla darasa la nne. Usikimbilie kumwita mhuni. Muulize nani anamgusa, nani anampa pesa, nani anamtisha. Kuna kesi za ubakaji na ulawiti zinazojificha nyuma ya utoro.

Baada ya hapo tunaandika makubaliano. Yawe machache na yanayopimika. Saa ya kurudi nyumbani iwe saa moja jioni, na awepo mtu wa kumpokea, la sivyo saa hiyo haina maana. Mzazi aende shule kila Ijumaa kutazama daftari la mahudhurio na kusaini. Mtoto apewe kazi moja ya nyumbani ambayo ni yake, kuteka maji au kulisha kuku. Simu inazimwa saa tatu. Tunakutana tena baada ya wiki mbili, halafu mwezi. Makubaliano yanavunjika wapi? Karibu kila mara ni kwa mtu mzima. Wiki ya kwanza mama anakagua, ya pili anachoka, ya tatu mtoto ameshajua.

Ikiwa nyumba yenyewe ni hatari, au mzazi amejitoa kabisa, sheria inatuwezesha kuomba mahakama itoe amri ya usimamizi, ambapo mtoto anabaki nyumbani nasi tunamfuatilia, au amri ya malezi, ambapo anawekwa kwa mlezi anayefaa au kwenye makao. Ndiyo hatua ya mwisho.

Kwa kesi iliyokwisha fika Mahakama ya Watoto, mzazi ajue haya. Mahakama inakaa faragha, si mbele ya umati. Anayesikiliza ni hakimu mkazi. Afisa ustawi anakuwepo, mzazi au mlezi anatakiwa kuwepo, mtoto ana haki ya wakili na ya kutoa maoni yake. Kabla ya amri ya mwisho hakimu anasoma taarifa ya ustawi: tumefika nyumbani, shuleni, kwa jirani. Mzazi akikwepa simu zetu, taarifa inaandikwa bila sauti yake, halafu analalamika mtoto amepelekwa mbali. Mtoto akishtakiwa pamoja na mtu mzima, shauri linaweza kuhamia mahakama ya kawaida, kwa hiyo mwulize mpelelezi mapema jalada lina majina mangapi.

Tafadhali msipige picha watoto waliokamatwa na kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Sheria inakataza kutangaza utambulisho wa mtoto mwenye shauri, na hiyo picha itamfuata hadi akiomba kazi.

---

Mjumbe_Ngarenaro

Asanteni sana, shikamoo mama ustawi. Mbili zimebaki. Tuna mtoto wa miaka 9, yeye ndiye anapenyezwa dirishani na wakubwa wake. Anashtakiwaje? Na kuna baba ameandika kwenye kundi la mtaa "simtaki tena, mchukueni". Tumfanyeje huyo?

---

Wakili_Sekei

Wa miaka 9 hashtakiwi. Chini ya miaka 10 hakuna jinai. Kuanzia 10 hadi kabla ya 12, upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kwamba alichofanya hakifai. Kuanzia 12 anashtakiwa, kwa utaratibu wa watoto. Huyo wenu wa dirishani kwa sheria ni mtoto anayehitaji ulinzi, apelekwe ustawi, na maelezo yake yatumike kuwafikia waliompenyeza. Hao wakubwa wanajua umri wake, ndiyo maana wanamtuma yeye.

Baba asiyemtaka: wajibu wa chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu haufutwi kwa ujumbe wa WhatsApp. Kukiuka wajibu wa mzazi chini ya sheria hiyo ni kosa lenye faini isiyozidi milioni 5 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote. Hifadhini ujumbe wake, mpelekeni mama au bibi wa mtoto ustawi na nakala. Akikaidi wito, ombi la matunzo linafunguliwa Mahakama ya Watoto hiyohiyo.

---

Fundi_Mita_Unga_Ltd

Niingilie kwenye mita kwa sababu ndiyo kazi yangu. Watoto hawang'oi mita kwa kupenda mita. Kiwiliwili chake ni shaba na chakavu chake kinanunuliwa kwa kilo. Mtoto anapata elfu kadhaa, mwenye mzani anapata zaidi, na mwenye nyumba anabaki na bomba linalomwaga maji hadi asubuhi.

Mkitaka kupunguza, anzeni na mzani. Mtendaji, polisi kata na mjumbe mmoja mpite kwa wanunuzi wote wa vyuma chakavu wa kata, muwaambie mbele ya mashahidi kwamba anayenunua kwa mtoto, au anayenunua mita, koki au mfuniko wa chemba, anaweza kushtakiwa kwa kupokea mali ya wizi. Muulize daftari la wauzaji. Asiye na daftari ndiye wa kumtazama. Kwenye nyumba, fundi aweke kisanduku cha chuma chenye kufuli, mlango wake uwe na uwazi wa kusomea namba, na bomba la kabla na baada ya mita lizikwe kwenye zege. Kisanduku bila zege ni bure, wanakata bomba na kuondoka na kisanduku chote. Andikeni namba ya mita kwenye daftari la nyumba, maana ikikamatwa kwa mnunuzi bila namba hakuna wa kuthibitisha ni yake.

---

Afande_Mstaafu

Naunga mkono fundi. Hata dubwi ni hivyohivyo. Michezo ya kubahatisha ni marufuku kwa walio chini ya miaka 18, na anayeiendesha anatakiwa kuwa na kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kwenye kikao mwiteni mwenye fremu iliyopangishwa, siyo kijana anayekaa na funguo. Mwenye fremu ana jina na kodi ya kupoteza.

Jambo moja nililosahau: ikiwa mtoto ameshapigwa, kituoni au na ulinzi shirikishi, mzazi asisubiri avimbe zaidi. Achukue PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Akiogopa kituo kilichohusika, aende kituo kingine au kwa OCD. Mtoto aliye mahututi aende hospitali moja kwa moja, fomu itafuata. Daktari aandike kila alama, ukubwa na mahali ilipo. Malalamiko dhidi ya askari yaende kwa mkuu wa kituo, OCD, kisha RPC (kamanda wa polisi wa mkoa), kwa maandishi yenye tarehe na saa; Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo inapokea. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

---

Mkongwe_wa_Kijenge

Marahaba wakili. Hiyo ya miaka 15 jela sikuijua. Bado nasema kiboko cha nyumbani kibaki, lakini huyo wa kupenyezwa dirishani namfahamu bibi yake, anauza mbogamboga Kilombero na hurudi saa mbili usiku. Mjumbe, kabla ya kikao mtafute, Jumamosi ni siku yake ya soko, hatakuwepo.

---

Mama_Ustawi_Moshi

Mzee, umetusaidia. Mjumbe, mfuate bibi sokoni mapema asubuhi kabla wateja hawajajaa, na umwombe kitu kimoja tu kwa kuanzia: nani anaweza kumpokea mtoto kuanzia saa kumi hadi saa mbili. Kama hakuna, swali hilo liende kwenye Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto ya kata, ile ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Humo wamo mtendaji, polisi kata, walimu, wahudumu wa afya na viongozi wa dini, na mara nyingi kanisa au msikiti una chumba na mtu wa jioni. Barua ya mtendaji iandikwe kwa jina la bibi kama mlezi, siyo la baba aliyejitoa, ili asizungushwe mlangoni kwa afisa ustawi.